Kompyuta ya steshenari inaamka yenyewe usiku wa manane, bibi anataka aitwe shehe

Karatasi A4
Wakuu, habari za saa hizi. Nina steshenari ndogo hapa Tanga, chumba cha mbele cha nyumba tunayokaa. Kompyuta ni ya mezani, mtumba, ina Windows 10, imeunganishwa na rauta kwa waya. Jioni nikifunga siizimi, nailaza tu. Diski yake ni ya zamani, ukiizima asubuhi inawaka kwa mwendo wa kobe, na watu wa kujaza fomu wako mlangoni tangu saa moja.

Wiki ya tatu sasa inaamka yenyewe usiku. Aliyegundua ni bibi. Yeye huamka kuswali tahajudi, na akipita ukumbini anaona mwanga chini ya mlango wa duka. Mara ya kwanza alidhani nimesahau taa. Mara ya pili akanigongea: "Mjukuu wangu, kuna mtu anachapa humo." Tukafungua. Hakuna mtu, skrini inawaka, feni inavuma. Asubuhi nikaikuta imelala kama kawaida, kana kwamba haikufanya kitu.

Bibi ameshafukiza udi na sasa anataka aitwe shehe. Mimi nimemwomba wiki moja. Nimebadilisha mausi, nimepiga skani ya virusi, hola. Na uniti za LUKU zinakwenda. Msaada wenu.

Msomaji Kimya
Nimevuta mkeka. Ngoja waje wataalamu.

Zima Washa
Mkuu, izime kabisa usiku. Uzi ufungwe.

Karatasi A4
@Zima Washa nimeshaeleza kwa nini siizimi. Hata nikiizima sitajua nani alikuwa anaiamsha.

Fundi Waya
Kaka A4, kwanza mwambie bibi shehe asubiri kidogo.

Kompyuta iliyolala haijafa. Kumbukumbu yake, yaani RAM, inaendelea kupewa umeme kidogo ili ulichoacha wazi kisipotee, na kuna vitu vichache vimeachwa macho kama walinzi wa zamu: saa ya ndani, kadi ya mtandao, kibodi, mausi, kitufe cha kuwashia. Kila ikiamka, mmoja wao amegonga kengele. Kazi yetu ni kujua yupi.

Swali langu ni moja, na naomba ulijibu kabla hujagusa kitu kingine chochote: inaamka saa ngapi? Sitaki "usiku usiku". Nataka saa na dakika. Ikiamka saa ileile kila siku, hapo kuna kazi iliyopangiwa muda. Ikiamka ovyoovyo, ni kifaa au mtandao. Ikiwaka pale umeme unaporudi baada ya kukatika, hiyo haikuamka, imewashwa upya na bayosi, yaani programu ya ndani inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows, na tiba yake ni nyingine kabisa.

Fungua Command Prompt kwa kubofya kulia na kuchagua "Run as administrator", kisha andika:

powercfg /lastwake

Bandika majibu hapa.

Karatasi A4
Nimefanya sasa hivi, saa 2 asubuhi. Inasema aina ni Device, na jina ni kibodi ya USB.

Zima Washa
Basi kibodi mbovu. Nunua nyingine, bei ya soda chache tu.

Nundu
Au panya wamepita juu ya kibodi. Sisemi kwa utani, dukani kwangu ilishatokea.

Fundi Waya
Jamani, tulieni. A4, asubuhi uliiamshaje ili uandike hiyo amri?

Karatasi A4
Niligusa kibodi.

😂 Ah. Nimeelewa.

Fundi Waya
Ndiyo hivyo. Amri hiyo inakumbuka mwamko wa mwisho tu, na wa mwisho ni wako. Watu wengi wametupa kibodi nzima kwa kosa hili. Miamko ya usiku imeandikwa kwenye daftari la Windows. Bonyeza Start, andika Event Viewer, ingia Windows Logs, halafu System. Upande wa kulia kuna "Filter Current Log". Kwenye orodha ya vyanzo chagua Power-Troubleshooter peke yake. Kila mstari utakaobaki ni mwamko mmoja, una muda wa kulala, muda wa kuamka na aliyeamsha.

Pwani ya Likoni
Naomba nidandie huu uzi kama hamtajali. Mimi ni laptopu, si ya mezani. Nafunga kifuniko, natia mkobani, navuka feri, nikifika ng'ambo naitoa ina moto kama chapati iliyotoka kwenye tawa. Betri ilikuwa 90, imebaki 40. Je, ni ugonjwa uleule?

Fundi Waya
@Pwani ya Likoni binamu wa ugonjwa huo. Andika powercfg /a halafu uniambie kama unaona maneno "S0 Low Power Idle".

Karatasi A4
Nimeipata. Naandika mstari wa juu kama ulivyo, maana sasa nimechanganyikiwa zaidi. Wake Time inaishia na 23:00:05 na herufi Z. Wake Source inaanza na neno Timer, kisha maelezo marefu yenye neno Maintenance.

Tatizo ni kwamba 23:00 ni saa 5 usiku. Jana saa 5 usiku nilikuwa nimekaa mbele ya hiyo kompyuta namalizia barua ya mteja. Haikulala wala haikuamka. Sasa hilo daftari linaandika uongo?

Zima Washa
Betri ya saa imekufa hiyo. Ile ya duara, CR2032. Badilisha.

Nundu
Hata mimi nadhani ni betri.

Bint Chumbageni
Wakaka zangu, betri haina kosa. Hiyo Z mwisho wa muda maana yake ni saa ya dunia, ya Greenwich. Sisi tuko mbele kwa saa tatu. 23:00 ongeza tatu unapata 2:00, yaani saa 8 usiku. A4, bibi yako anaamka saa ngapi kuswali?

Karatasi A4
Subhanallah. Saa 8 na dakika kidogo.

Bint Chumbageni
Haya. Kwa kawaida Windows hujipangia matengenezo yake saa 2:00 usiku kwa saa ya kompyuta, ambayo ndiyo saa 8 yetu. Hukagua diski, hufanya usafi, hutafuta masasisho. Ikikuta mashine imelala lakini iko kwenye umeme wa ukutani, inaruhusiwa kuiamsha. Ile saa aliyoipanga mhandisi ikakutana na saa ya tahajudi ya bibi.

Ingia Control Panel, Security and Maintenance, fungua sehemu ya Maintenance, bonyeza "Change maintenance settings". Pale chini ondoa alama ya tiki kwenye sentensi inayosema ruhusu matengenezo kuiamsha kompyuta. Kama hutaki kuifuta kabisa, peleka muda kwenye saa ambayo duka liko wazi.

Fundi Waya
Dada umenifurahisha. Mimi niliiona Z nikaipita.

A4, ongeza na hili. Kwenye Power Options, mpangilio wa juu, tawi la Sleep, kuna "Allow wake timers". Weka Disable. Windows 10 ina chaguo la katikati linaloruhusu taima muhimu tu, nalo huacha mlango wazi kwa mashine kuamka ili ijiwashe upya baada ya sasisho, kwa hiyo usilichague. Halafu ukiwa bado kwenye ile dirisha nyeusi, andika powercfg /waketimers. Itakuonyesha kama kuna kengele nyingine imetegwa na nani kaitega. Wengine husahau kwamba programu za kuhifadhi nakala nazo zina haki ya kutega.

Karatasi A4
Nimefanya yote. Waketimers inajibu kwamba hakuna taima. Leo usiku tutaona. Bibi nimemwambia mwenye kosa ni saa ya Wazungu, akasema "hilo nalo ni jini".

Pwani ya Likoni
Nimerudi. Kweli naona S0 Low Power Idle, na chini yake S3 inasemwa haipatikani.

Fundi Waya
Basi laptopu yako hailali, inasinzia. S3 ni ule usingizi wa zamani: karibu kila kitu kinazimwa isipokuwa RAM na wale walinzi wa zamu. S0 ya usingizi ilibuniwa ili laptopu ifanye kama simu, skrini imezimika lakini ndani inaendelea kuchungulia barua pepe na masasisho. Mezani ni jambo zuri. Ndani ya mkoba, penye joto la Mombasa na hewa haipiti, ndiyo unapata chapati.

Andika powercfg /sleepstudy. Itakutengenezea ripoti unayoifungua kwa kivinjari, yenye kila kipindi cha kusinzia kwa siku tatu zilizopita na programu iliyokula betri. Isome tu upate kujua, lakini usipoteze wiki nzima kumfukuza kila mhalifu. Nenda kwenye mpangilio wa kifuniko, badala ya Sleep chagua Hibernate. Hapo vilivyomo kwenye RAM vinaandikwa kwenye diski na umeme unakatwa kabisa. Kuamka kutachukua sekunde kadhaa zaidi. Kama Hibernate haionekani kwenye orodha, iwashe kwanza kwa powercfg /h on.

Pwani ya Likoni
Shukrani sana ndugu. Sekunde kadhaa si kitu, feri yenyewe nimeizoea.

Karatasi A4
MREJESHO. Usiku wa kwanza kimya. Usiku wa pili kimya. Bibi kapita ukumbini, giza totoro. Wakuu mmetisha, Mungu awabariki.

Msomaji Kimya
Hapa ndipo uzi mwingine huishia. Lakini sikunji mkeka.

Karatasi A4
@Msomaji Kimya una mdomo wewe. Jana imeamka tena.

Safari hii nimesoma daftari lote, si mstari wa juu peke yake, na nimeongeza saa tatu kama alivyofundisha dada. Jana iliamka saa 5:41 usiku, na tena saa 7:17. Nikirudi nyuma, zile wiki tatu zote zina miamko ya namna hii, ila siku ya kwanza sikuteremka chini kuiona. Hazifuatani, leo saa 4 na nusu, kesho saa 6. Chanzo ni Device, na jina lililoandikwa ni la kadi ya mtandao.

Nundu
Mausi. Weka mausi kichwa chini miguu juu. Mausi ya mwanga juu ya meza ya kioo hutetemeka yenyewe. Mimi niko jirani na mashine ya kusaga, ikianza kunguruma kompyuta zote tatu zinafumbua macho.

Fundi Waya
@Nundu hilo la mausi ni kweli na kuigeuza ni kipimo kizuri, tena bure. Lakini hapa daftari limeshamtaja mtu, hatuna haja ya kukamata jirani.

A4, mara nyingi wenye tatizo hili huwa na sababu mbili, ya pili imejificha nyuma ya ya kwanza. Ya saa 8 huenda ilikuwepo miaka, tangu siku uliyoinunua. Ikishamaliza matengenezo na hakuna mtu aliyeigusa, Windows huiacha dakika 2 hivi kisha huirudisha kulala, ndiyo maana hakuna aliyeiona. Kilichofanya bibi aone mwanga wiki tatu hizi ni kitu kinachoizuia isirudi kulala. Wiki tatu zilizopita nini kilibadilika nyumbani? Rauta mpya? Kamera? Televisheni ya intaneti? Mgeni?

Karatasi A4
Rauta ileile. Kamera sina. Televisheni ni ile ya mgongo.

Bint Chumbageni
Na mgeni?

Karatasi A4
Mgeni hakuna, ni mpwa wangu tu yuko likizo ya chuo. Lakini yeye analala chumba cha uani na dukani hana ufunguo.

Bint Chumbageni
Ana laptopu?

Karatasi A4
Anayo, lakini si ya dukani. Ya kwake.

Fundi Waya
😀 Usimguse kijana bado. Fanya hivi. Leo usiku kaa ukumbini taa zimezimwa. Ukiona mwanga chini ya mlango, ingia, fungua ile dirisha nyeusi na uandike:

powercfg /requests

Hii inataja anayeizuia isilale kwa wakati huo. Halafu bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika fsmgmt.msc, angalia Sessions na Open Files, yaani nani ameunganishwa kwa mtandao na faili zipi amefungua. Usizime kitu, angalia tu.

Mzee Ubuntu
Wakati tunasubiri usiku, niwape na wale wa Linux. Angalieni /proc/acpi/wakeup, kila kifaa chenye neno enabled kina ruhusa ya kuamsha. Kwangu aliyekuwa anasumbua ni XHC, yaani milango ya USB. Ukiwa rut, yaani msimamizi mkuu, unaliandika jina lake ndani ya faili hilohilo na ruhusa inageuka, ila ukiwasha upya inarudi kama ilivyokuwa, kwa hiyo iweke kwenye huduma ya systemd ijiendeshe kila ukiwasha. Wa Mac waandike pmset -g log wachuje "Wake reason". Nimemaliza, narudi kijiweni.

Nundu
Mzee Ubuntu hakosekani penye msiba wa Windows.

Karatasi A4
Wakuu. Saa 5:52 usiku. Naandika kwa simu nikiwa dukani gizani kama mwizi kwenye duka langu mwenyewe.

Mwanga umewaka mbele ya macho yangu, hakuna aliyegusa kitu, nywele zimenisimama. Nimeingia. Requests inasema, chini ya SYSTEM, kuna draiva inaitwa srvnet, na maelezo kwamba kuna mteja wa mbali ametuma maombi kwenye mashine hii.

Fsmgmt sasa. Kwenye Sessions kuna kompyuta moja. Jina lake ni jina la mpwa wangu na neno PC. Kwenye Open Files kuna muvi ya Kikorea, sehemu ya 9.

Bint Chumbageni
😂😂😂

Msomaji Kimya
Sehemu ya 9 kati ya ngapi? Tukio limekolea.

Karatasi A4
Nimekwenda uani. Dirisha lina mwanga wa buluu. Nimegonga, "Mjomba mbona hujalala?" Yeye ananiuliza mimi!

Habari kamili ni hii. Wateja hunilipa niwajazie muvi kwenye flashi, kwa hiyo kuna folda kubwa kwenye kompyuta ya duka. Mwaka jana nilifungua folda hiyo kwa mtandao wa nyumbani ili niangalie kwa laptopu ya mke wangu, nikasahau. Kijana kaikuta, kaiunganisha kwenye laptopu yake. Kila akifungua laptopu usiku, duka linaamka kumhudumia. Anasema alidhani huwa siizimi. Kwa upande fulani ni kweli.

Fundi Waya
Sasa nieleze kilichotokea kwenye waya, maana hapa ndipo pana dawa.

Kadi ya mtandao ikilala hubaki inasikiliza. Kuna aina mbili za mwito inazoweza kuitikia. Ya kwanza inaitwa pakiti ya maajabu, magic packet: baiti 6 za FF, kisha anwani ya MAC ya kadi hiyo, yaani namba yake ya utambulisho, imerudiwa mara 16, jumla baiti 102. Hiyo haiji kwa bahati mbaya, lazima mtu aitume kwa kusudi. Ya pili ni pakiti yoyote ya kawaida inayobisha hodi kwa mashine hiyo, mathalani laptopu inayotafuta folda iliyounganishwa nayo. Kadi yako inaitikia zote mbili. Mpwa hakuwa na nia ya kuamsha mtu, laptopu yake ilisema hodi na duka likasema karibu. Na kwa kuwa anaendelea kusoma faili, srvnet, ile draiva ya Windows inayogawa faili kwa mtandao, inaizuia kompyuta isirudi kulala mpaka sehemu ya 9 iishe.

Fungua Device Manager, Network adapters, bofya kulia kwenye kadi, Properties, kisha Power Management. Una njia mbili. Ukiwa na siku unataka kuiamsha kwa makusudi kutoka mbali, weka tiki kwenye "Only allow a magic packet to wake the computer". Kama huna haja hiyo, na steshenari sioni haja yake, ondoa tiki ya juu yake inayoruhusu kifaa kuamsha kompyuta. Ukimaliza andika powercfg /devicequery wake_armed uone waliobaki na ruhusa. Ibaki kibodi peke yake.

Nundu
Na mausi aitoe.

Fundi Waya
Na mausi aitoe, Nundu apate usingizi.

Mwenge wa Jioni
Samahani, nimechelewa. Yangu huwaka kila umeme ukirudi usiku, hata niwe nimeilaza. Nimejaribu hizo zote hazifai.

Bint Chumbageni
@Mwenge wa Jioni Fundi aliligusa mwanzoni. Umeme ukikatika RAM inapoteza kila kitu, kwa hiyo usingizi umeshakufa hapo. Umeme ukirudi, bayosi inaamua iwashe au ikae. Ingia bayosi, tafuta maneno ya "Restore on AC Power Loss" au yanayofanana nayo, weka Power Off. Kazi uliyoacha wazi inaokolewa na Hybrid Sleep kwenye Power Options, ambayo huandika nakala kwenye diski kabla ya kulala. Kwa mashine ya mezani na umeme wetu huu, hakikisha imewashwa.

Karatasi A4
Hilo la Hybrid nimelikagua, kwangu iko On. Kumbe ndiyo imekuwa ikiokoa barua za watu.

MREJESHO WA MWISHO. Nimeondoa ruhusa kwenye kadi. Wake_armed inaonyesha kibodi tu. Usiku wa nne leo, daftari lina mstari mmoja kwa siku, saa 12 na nusu asubuhi, ni mimi. Folda nimeifunga. Mpwa nimemjazia zilizobaki kwenye flashi, nikamtoza bei ya mteja.

Bibi ameridhika, ila udi anaendelea kufukiza. Anasema chumba kinanukia vizuri na wateja wamesifu.

Msomaji Kimya
Mkuu, hiyo ya Kikorea ni ipi? Niko Tanga, nakuja na flashi.